Kibao Kimoja Hewani

Kathonzweni,
Jumanne, 12 Agosti 2025

Kwa Mwalimu Mulinge,

Tulipoteza pampu ya sola Jumamosi tarehe tisa, saa tisa na dakika ishirini mchana, kwenye fainali ya chemsha bongo ya Bwana Abdulmalik, hotelini kwake Kitui, na tuliipoteza kwa sababu uliinuka mezani ukaniacha peke yangu. Naanza na hilo ili usije ukasema barua yangu haikueleweka.

Nimekupigia simu mara kumi na moja. Mara tisa imelia mpaka ikachoka, mara mbili umekata. Sasa naandika. Karatasi haikatwi.

Wacha nikukumbushe hesabu, maana naona umesahau. Tumekaa meza moja Jumamosi tisa. Tumeulizwa maswali mia moja na themanini, tukapata mia moja hamsini na moja. Hiyo ni karibu asilimia themanini na nne, na kuna watu wa digrii pale ambao sabini hawakuiona. Wewe ulikuwa na miji mikuu, wafalme na mambo ya mwili wa binadamu. Mimi nilikuwa na hesabu, Biblia, na ile akili ya kutoa jibu baya moja moja mpaka libaki zuri. Mpira ulitushinda sisi sote. Nilikuambia siku ya kwanza kwamba shule niliachia darasa la sita, ukanijibu, "Kapteni, hapa hawaulizi cheti. Wanauliza A, B, C au D." Kwa neno hilo nikakuamini.

Na pampu unajua ni ya nani. Si yangu. Hadwea yangu inauza misumari na mabati, nami niliianza na kilo tano za misumari kwenye meza ya kuazima. Pampu ni ya wanawake thelathini na wanne wa kikundi chetu, waliobeba mawe miaka miwili wakajenga bwawa la mchanga kwenye ule mto wetu mkavu. Maji yapo chini ya mchanga. Tunayachota kwa kopo. Nimewapima kwa saa: mtungi wa lita ishirini ni dakika arobaini ukihesabu na foleni. Huu ni Agosti, Mwalimu, mvua ni mpaka Novemba. Piga hesabu mwenyewe.

Sasa nieleze, maana mimi nimezunguka nalo siku tatu sioni mlango. Tulikuwa sare na wale ndugu wawili wa Mwingi, kumi na saba kwa kumi na saba. Tukapewa mapumziko ya chai. Tulikunywa kwa chupa yangu, kikombe kimoja kama kawaida yetu tangu kile kingine kivunjike. Ulikuwa unacheka. Nikatoa simu nione saa, ukaona picha kwenye kioo ukauliza ni nani. Nikakuambia ni binti yangu wa pili, yuko Mwingi, anafanya kazi duka la dawa. Ukasema "mh". Kengele ikalia.

Yule binti wa hoteli, Najma, akasoma swali la mwisho: kati ya nchi hizi, ni ipi haina hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima? A, Misri. B, Sudan. C, Saudia. D, Iraki. Sekunde thelathini, na sheria unaijua: kila mtu ainue kibao chake, na vibao viwili vya meza viwe sawa. Sikuhitaji hata sekunde kumi. Misri ina Naili. Naili hiyo hiyo inapita Sudan. Iraki ina Frati ya kwenye Biblia. Nikainua C, nikageuka nione yako.

Kiti kilikuwa kitupu. Vibao vyako vinne vilikuwa vimepangwa juu ya meza kwa usafi kama vyombo vya mtu aliyehama. Wale wa Mwingi wakainua C mbili. Sisi tulikuwa na kibao kimoja hewani, na mkono wangu ukakaa juu muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kama wa mtoto anayeomba kwenda choo.

Swali langu halina A wala B. Nani alikuita nje? Na kama kuna mtu alikulipa, alikulipa nini?

Ni mimi,
Nzilani, kapteni wako (kama bado)


Zombe,
15 Agosti 2025

Mama mheshimiwa,

Pokea salamu nyingi wewe, nyumba yako, mifugo na shamba. Mimi ni mzima. Shule zimefungwa, niko nyumbani na wazazi wangu, nao ni wazima.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Kila ulichoandika ni kweli, hata dakika. Sina la kupinga.

Hakuna mtu aliyenilipa. Sikuwa mgonjwa. Sikuitwa nje na mtu. Swali nilikuwa ninalijua, nilisikia neno "mto" tu nikajua linakokwenda, na nilikuwa mlangoni wakati huo, mgongo ukiwa ukutani, sijui hata nilifikaje. Sababu ipo. Si mbaya. Lakini si yangu peke yangu kuitoa, na wewe ndiye mtu wa mwisho ambaye ningeweza kumwambia kwa mdomo wangu. Ndiyo maana simu siipokei. Nikiisikia sauti yako sasa sijui nitatumia maneno gani.

Naomba pia msamaha kwa mambo ya zamani. Jumamosi zile nilizungumza mbele yako bila breki. Wiki ya nne nilipiga meza nikasema wewe ni mbishi kuliko punda wa maji. Wiki ya sita nilikula muthokoi, yale mahindi na maharagwe, kwenye sufuria yako kwa kijiko chako. Nikikumbuka, naona joto usoni. Naomba yote yafutwe.

Kwa kifurushi hiki nimetuma asali chupa mbili na blanketi. Tafadhali usivikatae.

Wako mtiifu,
Mulinge


Kitui,
Jumamosi, 16 Agosti 2025

Bi Nzilani,

Natumai hujambo pamoja na jamaa zako. Malalamiko yako nimeyapata, kurasa nne, na jedwali. Katika miaka sita ya kuendesha chemsha bongo hapa hotelini sijawahi kuletewa jedwali.

Nitakujibu kama nilivyowajibu wengine. Sheria ya tisa yasema: aondokaye mezani swali likiwa hewani, meza yake haina jibu. Sheria hii aliiandika marehemu baba yangu, wakati ambapo watu walikuwa wakitoka nje kwenda kuuliza. Lakini alimaliza kwa maneno haya, nayo watu hawayasomi: "isipokuwa aliyeondoka ataandika sababu yake kwa mkono wake, nayo ikawa ya kweli na isiyo ya hila." Ikiwa hivyo, meza mbili zitapewa swali jipya.

Nimewauliza wale vijana wa Mwingi. Wamekubali, tena kwa moyo mweupe. Mkubwa wao alisema ushindi wa kiti kitupu hawawezi kuusimulia kwao. Basi pampu iko stoo kwangu, kwenye sanduku lake, haijafunguliwa. Nitaipokea karatasi ya Mwalimu hadi Ijumaa tarehe 29, saa kumi jioni. Ikija, swali ni Jumamosi tarehe 30. Isipokuja, pampu yaenda Mwingi.

Lakini sababu lazima aiandike yeye. Usimwandikie wewe, Bi Nzilani. Najua hati yako sasa.

Jambo moja ambalo huenda lisiwe na maana. Binti yangu Najma alikuwa amesimama mbele na karatasi ya maswali, kwa hiyo yeye ndiye aliyemwona vizuri. Asema Mwalimu alipoinuka alichukua kile kikombe mlichokuwa mkinywea, akakiosha pale kwenye bomba la kunawia, akakifuta, akakirudisha upande wako. Kisha akatoka kinyumenyume mpaka mlangoni, hakukupa mgongo. Najma alidhani ni mzaha wa mashindano. Mimi nimeishi na Wakamba tangu kuzaliwa na sikuwahi kuona mtu aliyelipwa akaosha kikombe.

Wasalaam,
Abdulmalik


Kathonzweni,
Jumanne, 19 Agosti 2025

Mwalimu,

Asali imefika. Chupa moja nimewapa wanawake wa kikundi wakaonja wakasema ni nzuri, na wakauliza kama pampu inakuja nyuma yake. Nikawaambia waendelee kuonja. Chupa ya pili na blanketi ninarudisha kwa gari hili hili la vifurushi, risiti iko ndani.

Blanketi ni la nini? Kwetu hapa blanketi hupelekewa mama mkwe au mtu aliyelazwa hospitali. Mimi sina ugonjwa. Nimeligeuza huku na huku nikatafuta kikaratasi ndani, hakuna. Ni la bei, najua bei za vitu. Mwalimu wa shule ya msingi hanunui blanketi kama hilo katikati ya mwezi bila sababu kubwa, na mtu asiye na hatia hatumi zawadi iliyomzidi mfuko. Kwa hiyo umenichanganya zaidi. Kabla ya blanketi nilikuwa nakushuku nusu.

Halafu hiyo lugha. Mama mheshimiwa. Mifugo na shamba. Kwani Kapteni ameenda wapi? Wewe ndiye uliyeniambia mbele ya meza nane, "We Kapteni, acha ubishi, Kanberra ndio mji mkuu, Sidni ni kelele tu." Na ulikuwa sawa, tukapata alama. Huyo ndiye mtu niliyekuwa nakaa naye. Huyu mwingine anayeandika kama anasoma hotuba ya mazishi simjui. Ulisema mimi ni punda wa maji, na ni kweli, mimi ni punda wa maji, ndiyo maana nataka pampu.

Umeandika sababu si mbaya. Sawa. Basi iandike. Si kwangu kama huwezi. Bwana Abdulmalik ameniandikia, nami nakunakilia: karatasi moja ya mkono wako, sababu ya kweli, kabla ya Ijumaa tarehe 29 saa kumi jioni, na swali linarudiwa. Hilo tu. Sentensi moja inatenganisha wanawake thelathini na wanne na maji ya bomba.

Anasema pia uliosha kikombe ukatoka kinyumenyume. Nilikaa na hilo kuanzia asubuhi mpaka nikafunga duka, nikampimia mtu mabati futi kumi badala ya nane. Hilo halijawahi kutokea tangu nifungue. Je, nilikukosea? Chai yangu ilikuwa na kitu? Kuna mtu amekuambia neno juu yangu? Mimi husema sana, najua, lakini sijamroga mtu.

Nzilani


Zombe,
22 Agosti 2025

Mama mheshimiwa,

Blanketi limerudi. Mama yangu mzazi alilipokea yeye, akaniangalia. Limewekwa juu ya kabati.

Hukunikosea. Chai haikuwa na kitu, ilikuwa chai tamu kuliko zote nilizokunywa Kitui, na hapo ndipo ubaya ulipo.

Nimemwandikia Bwana Abdulmalik barua tatu nikazichana zote tatu. Ya kwanza ilikuwa ya uongo, nilisema tumbo. Ya pili ilikuwa ya kweli nusu. Ya tatu ilikuwa ya kweli yote, lakini yeye angekusomea, na ungelisikia jambo hilo kwa mtu wa hoteli kabla ya kulisikia kwa wanaostahili kulileta, tena wakiwa wamevaa makoti na wamekuja kwa miguu mpaka kwako. Mambo kama hayo yana mlango wake. Nikiyapitisha dirishani nitakuwa nimeharibu kitu ambacho sitaweza kukirudisha kwa gari la vifurushi.

Kama inawezekana, andikeni kwamba niliogopa. Nitatia sahihi. Heri niitwe mwoga Kitui nzima.

Pia nakusihi usiniandikie tena kwa ukali, si kwa sababu sistahili, ila kwa sababu kila barua yako naisoma nikiwa nimesimama na miguu inachoka.

Mtiifu,
Mulinge


Mwingi,
Jumamosi, 23 Agosti 2025

Kwa mama yangu mpendwa,

Nimeweka barua hii ndani ya dawa za presha za baba. Vidonge vyeupe ni asubuhi, vya rangi ya waridi ni jioni, usimwachie ahesabu yeye. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikipiga utanikatiza kabla sijafika katikati.

Mama, yule kijana niliyekuambia, ambaye wazee wake walikuwa waje na mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga uchumba wetu, tarehe sita Septemba, amesema mbuzi wasubiri. Hasemi mpaka lini. Hasemi kwa nini. Najua baba mdogo Ndeti ameshaanza kutafuta viti, nisamehe.

Sikuwahi kukutajia jina lake kwa sababu wewe ukipata jina utapata na kijiji, ukipata kijiji utampata mtu wa kuuliza, na kabla jua halijatua ungejua hata alama zake za mtihani. Nilitaka kwanza wazee wake walitaje wenyewe. Sasa naona sina faida ya kuficha. Anaitwa Mulinge Kivuva. Ni mwalimu huko Zombe.

Si mtu mbaya, mama. Ni mcheshi. Ana mashindano yake ya chemsha bongo Jumamosi pale Kitui, siku zile wewe huwa umeenda kununua mabati, na alikuwa akinisimulia juu ya kapteni wake, mama mmoja wa hadwea, mkali kama pilipili. Nilikuwa nikicheka mpaka wateja wanageuka. Alisema huyo mama akikosea haombi msamaha, anabadilisha mada. Alisema pia kwamba huyo mama, kwa akili aliyo nayo, angepata na shule juu yake angekuwa gavana. Nilidhani ni mama wa Kitui. Kuna hadwea ngapi Ukambani?

Halafu jioni ya ile Jumamosi ya fainali, tarehe tisa, alinipigia. Hakuniambia kama wameshinda. Aliniuliza swali moja tu: "Mama yako, jina lake lenyewe ni nani?" Kwa sababu mimi siku zote nilisema Mama Kanini, kama watu wote wanavyokuita, kwa jina la dada. Nikamwambia, Nzilani. Akaniomba nilirudie, kisha salio lake likaisha.

Tangu siku hiyo ananiita vizuri, ananijulia hali, lakini kila nikitaja nyumbani anahamisha mazungumzo. Mama, kuna kitu alichosikia juu yetu? Kuna deni, kuna ugomvi wa zamani na watu wa Zombe? Niambie ukweli, usinilinde. Nimechanganyikiwa mpaka jana nikampa mtu dawa ya kikohozi akaniambia, dada, mimi nimekuja na macho.

Binti yako,
Wavinya


Kathonzweni,
Jumanne, 26 Agosti 2025

Mwalimu,

Dawa za presha za baba yake Wavinya zilifika jana saa nne asubuhi, na ndani yake barua. Niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza kama mama. Mara ya pili kama kapteni. Mara ya tatu nilikuwa nimekalia mfuko wa simiti, na mteja alisimama pale akashika bawaba zake mpaka akaenda bila kununua.

Mimi ni mtu wa hesabu, na namba zote nilikuwa nazo mezani. Kikombe kilichooshwa. Kutoka kinyumenyume. Mama mheshimiwa. Wazee wenye makoti. Blanketi, Mungu wangu, blanketi, na mimi niliandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba hupelekewa mama mkwe, nikalifunga kamba nikalirudisha. Jumla ilikuwa mbele yangu nami nikawa natafuta mwizi.

Nianze na kosa langu, na usome polepole, maana nasikia huwa siombi msamaha, nabadilisha mada. Jumamosi tisa niliwaambia watu wa nyumbani naenda Kitui kununua mabati. Ukijumlisha mabati yote niliyosema nimenunua, ningeezeka Kathonzweni nzima na kanisa. Nilidanganya kwa sababu binti zangu wamesoma, na niliogopa wanione mbele ya watu nimeinua kibao kibaya. Nilitaka nirudi na pampu ndipo niseme nilikuwa wapi. Kama ningesema ukweli wiki ya kwanza, Wavinya angeuliza kapteni wa nani, wewe ungejua mimi ni nani, na tusingekunywa kikombe kimoja hata siku moja. Hilo ni langu. Nisamehe. Sijabadilisha mada.

Sasa lako. Nthoni, ile haya ya mkwe na mama mkwe, naijua kuliko wewe. Mama yangu akimwona mkwe wake njiani alikuwa akiingia kichakani na mzigo wa kuni kichwani, miiba na yote, akingoja apite. Mimi nilikuwa nacheka nikisema hayo yamepita na wakati. Lakini tangu jana nimejaribu kutaja jina lako hapa dukani, peke yangu, kwa sauti, na halitoki. Hapo juu nimeandika "Mwalimu", na safari hii si kwa hasira. Kwa hiyo siwezi kukucheka kwamba uliinuka. Ungeona picha ile kisha ukabaki unameza chai yangu, pengine leo ningekuwa na swali lingine.

Lakini kichaka cha mama yangu hakikuwa na wanawake thelathini na wanne ndani yake. Ulipoingia chako uliwaburuta wote. Jana Mbinya, mwekahazina wetu, alinijia na kopo mkononi akauliza kama Mwalimu ameandika. Nikasema bado. Akasema, "Kwani anaandika kitabu?"

Na hilo la kuandika kwamba uliogopa, nalikataa. Bwana Abdulmalik anataka kweli, na uongo wako hauna miguu. Hata ulipokuwa hujui jibu la mpira ulikuwa unaona haya kubahatisha.

Sikiliza hesabu. Mbuzi wa ntheo hawajaingia boma hili. Mpaka waingie, muulize mzee yeyote wa kwenu, wewe si mkwe wangu na mimi si mama mkwe wako. Wewe ni mwalimu, mimi ni kapteni. Mbuzi walikuwa waje Jumamosi tarehe sita. Swali linarudiwa Jumamosi tarehe thelathini. Kabla ya mbuzi imebaki Jumamosi hiyo moja tu, ya mwisho, ambayo sisi bado ni watu wa kawaida. Meza ya Bwana Abdulmalik ni futi nane. Wewe mwisho ule, mimi mwisho huu, hakuna chai, hakuna kutazamana, kila mtu na vibao vyake. Yaliyopita, vikombe na sufuria ya muthokoi, wazee wetu wana njia ya kuyaondoa, na kama wakisema mbuzi mmoja zaidi, huyo tutamlipia nusu kwa nusu. Aibu hiyo tuliifanya wawili.

Na mlango ulioniambia, usiuogope tena. Habari imeshaingia, aliyeileta ni mwenye habari mwenyewe, ndani ya dawa. Wazee wako watakapokuja nitashangaa kama mtu asiyejua. Naweza. Nimedanganya juu ya mabati wiki tisa.

Ila kuna mahali hesabu yangu inagota. Ulikimbia meza, sawa, hiyo ni haya. Lakini baadaye ukasimamisha mbuzi. Haya haisimamishi mbuzi, Mwalimu. Kwa desturi yetu mbuzi ndio wanaoipa haya nyumba ya kukaa. Kwa hiyo nimebaki najiuliza kama ulikuwa umeniangalia vizuri zile Jumamosi tisa, mdomo wangu, ubishi wangu, kupiga kwangu meza, na ulipoona picha ukasema rohoni, huyu msichana naye, miaka thelathini mbele, ndiye huyu. Ukatafuta pa kutokea. Nimejaribu kukukasirikia kwa hilo nikashindwa, nikajikuta naona haya mimi.

Wavinya hajui bado kapteni wako ni nani. Nitamwambia mimi, lakini siwezi kumwambia nusu.

Basi nakuuliza kwa njia tunayoijua sisi wawili.

Jumamosi tarehe tisa Agosti, ni nini kilichokuinua mezani?

A. Uliogopa swali.
B. Mtu alikulipa.
C. Uligundua mimi ni mama yake Wavinya, ukaona haya.
D. Uligundua mimi ni mama yake Wavinya, ukaona mlango wa kutokea.

A na B nimeshazitoa. Zimebaki mbili, na hapa ile akili yangu ya kutoa imenifia, maana C na D kwa nje zinafanana: kiti kitupu, vibao vimepangwa. Anayejua tofauti ni mtu mmoja, naye anasoma akiwa amesimama. Kaa chini.

Kama ni D, andika D, unitumie mimi peke yangu, na usiende Kitui. Pampu itaenda Mwingi, sisi tutarudi kwenye kopo, Wavinya atalia na atanyamaza, na mimi sitakuandikia tena hata neno. Kama ni C, iandike kwa mkono wako, sentensi moja chini yake, umpelekee Bwana Abdulmalik mwenyewe, na umwambie baba yako mbuzi watembee tarehe sita kama ilivyopangwa. Sitaki salamu. Sitaki mifugo wala shamba. Sitaki asali.

Siku ile jibu lilikuwa C, na nililiinua peke yangu.

Bwana Abdulmalik anafunga Ijumaa, saa kumi jioni. Ni herufi gani?

Nzilani